Mashine ya kiwandani au ya saiti: fundi wa Nyanda za Juu akate hesi na ipi?

Tulifika kijijini Makete saa tatu asubuhi, mwezi wa Juni, umande ukiwa bado umeganda juu ya majani. Nyuma ya kenta tulikuwa tumefunga kwa kamba mashine ya kukata hesi ya inchi 4. Tuliishusha watu wanne kwa mbao mbili. Jenereta ya petroli ya kVA 2.5 ikawashwa, ikapokea vizuri. Fundi mwenzangu akakanyaga pedali. Mota ikaguna, jenereta ikashuka sauti kama mtu aliyetwishwa gunia ghafla, kisha umeme ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika tena. Karakana kwetu Uyole mashine hiyo hiyo ilikuwa ikikata hesi za bomba la inchi 2 kama inamenya ndizi. Siku ile wanakijiji walikuwa wamekaa kando ya mtaro waliouchimba kwa mikono yao, wanasubiri maji. Tulimaliza kazi kwa dai ya mkono, watu wawili tukipokezana mpini hadi jua likazama.

(Hesi ni neno la vitabuni. Saitini wengi tunasema thredi. Ni kitu kimoja, zile mbavu za kujipinda kwenye ncha ya bomba zinazoingia kwenye soketi, na hapa nitatumia hesi. Dai ni meno ya chuma yanayozikata.)

Mashine ile ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa letu: wakati wa kununua tulitazama inchi, hatukutazama kazi. Tangu siku hiyo kila fundi anayeniuliza anunue ipi namrudishia maswali mawili. Unakata hesi ngapi kwa siku moja? Na je, bomba linaletwa kwenye mashine, au mashine ndiyo inalifuata bomba? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, karibu kila kitu kingine kinajipanga chenyewe.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayovuruga watu. Ukiingia duka la vifaa Mwanjelwa au Makambako utaambiwa, "Fundi, chukua hii, ya kiwandani, haifi." Neno hilo halina kipimo, muuzaji hulibandika anapotaka. Mashine zenyewe zinagawanyika kwa namna zinavyofanya kazi. Ipo ya kushika mkononi: mota inazungusha kichwa cha dai, bomba limetulia kwenye jiliwa. Uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 15, na aina kama REMS Amigo au Ridgid 700 zinajulikana sana. Ipo ya kusimama kwenye miguu au stendi, ambayo bomba ndilo linazunguka na dai zimetulia, na mara nyingi mwisho wake ni inchi 2. Ridgid 300 ni ya aina hiyo, na zile za Kichina zenye maandishi SQ50 pia. Hizi mbili ndizo mashine za mkandarasi, zimeundwa kupanda na kushuka kwenye gari. Halafu ipo ya karakana, ya inchi 3 au 4, mfano Ridgid 1224, ambayo uzito wake unapita kilo 200. Hiyo ikikaa mahali imekaa. Juu yake kuna mashine za viwanda vinavyotengeneza mabomba yenyewe, na hizo hazituhusu.

Sasa, ukitaka kujua kama mashine ni ya kazi mfululizo au ya kazi ya kupumzika, achana na rangi yake na maneno ya duka. Inama usome kibati kilichogongwa kwenye mota. Viwango vya kimataifa vya mota vina herufi S ikifuatwa na namba. S1 maana yake mota inaweza kubeba mzigo wake wote muda wote bila kuungua. S2 huandikwa pamoja na dakika: mfano dakika 30, kisha iachwe ipoe kabisa. S3 huandikwa pamoja na asilimia, na hapo ndipo watu wanapopotea. S3 25% ina maana kwamba ndani ya kila dakika 10 mota ifanye kazi dakika 2 na nusu tu, zilizobaki ipumzike. Kama kibati hakisemi lolote, mimi huichukulia kuwa ni ya kupumzika, hata muuzaji aape vipi.

Asilimia hiyo tuishushe saitini. Chukua mashine inayozungusha bomba mara 28 kwa dakika. Hesi ya bomba la inchi 2 inahitaji kama mizunguko 12, kwa hiyo ni sekunde 25 hivi. Weka sekunde 15 za kukata kipande na 5 za kusafisha ukingo wa ndani kwa rima: mota imefanya kazi sekunde 45. Fundi na msaidizi wake wakitumia dakika 2 na nusu kwa kila ncha, pamoja na kupima, kukaza chaki (kile kishikio kinacholibana bomba) na kutoa bomba, mashine inafanya kazi asilimia 30 ya muda. Tayari wamevuka ile 25. Watu hao hao wakihamia bomba la nusu inchi, kukata, kurima na kutia hesi ni kama sekunde 29. Hiyo ni asilimia 19, na mashine inapumua. Ndiyo maana fundi mmoja anaisifia mashine yake kwa miaka na mwingine anaichoma mwezi wa pili, na wote wawili wamenunua duka moja. Ongeza msaidizi wa pili anayeleta bomba haraka, na mashine ya saiti haitapata nafasi ya kupoa hata kidogo.

Ndani ya hizo mashine kuna nini tofauti? Nyingi za kubebeka zina mota yenye brashi za kaboni. Mota hiyo inazunguka maelfu mengi kwa dakika, gia zinaipunguza, na kwa uzito wake mdogo inatoa nguvu kubwa sana. Lakini feni yake imekaa kwenye shafti ile ile: mzigo ukiizidi ikapunguza mwendo, upepo wa kuipoza nao unapungua, wakati ambapo joto ndiyo linapanda. Nyingi za karakana zina mota ya induksheni, isiyo na brashi, inayozunguka kama mara 1,450 kwa dakika kwenye umeme wetu wa hezi 50. Ni nzito na ina subira.

Hata hivyo mota si tofauti ninayoijali zaidi. Ninayoijali ni mafuta. Mashine ya karakana ina pampu na tanki; mafuta yanamwagika juu ya dai bila kukoma, yanaondoa joto na kusukuma chembe za chuma. Ya mkononi inategemea kopo na kumbukumbu ya msaidizi, na msaidizi akigeuka kumsalimia mtu, dai zinakata kavu kwa sekunde kumi. Dai iliyokata kavu haivunjiki siku hiyo. Jino linapoteza ncha, linaanza kuchana chuma badala ya kukikata, na baada ya wiki mbili unalaumu bomba. Na tafadhali, oili chakavu ya gari si mafuta ya kukatia. Mafuta ya kukatia hesi yana viambato, mara nyingi salfa, vinavyozuia chuma kung'ang'ania chuma chini ya mgandamizo mkali. Zaidi ya hapo, oili hiyo unaiacha ndani ya bomba ambalo mama wa mtu atakinga maji ya kunywa. Ziko oili za kukatia zisizo na mafuta ya petroliamu ndani yake, zilizotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa, na baada ya kazi mstari usukutwe kwa maji mengi kabla ya kufunguliwa kwa watu.

Tofauti nyingine ni kichwa cha dai. Kwenye mashine nzuri za karakana kichwa kinajifungua chenyewe hesi ikifikia urefu wake. Kwenye nyingine fundi anafungua kwa mkono akikadiria kwa jicho. Hesi zetu za bomba zina mteremko wa 1 kwa 16, yaani kila unavyokwenda milimita 16 kipenyo kinaongezeka milimita 1. Ukizidisha urefu, soketi inaingia kirahisi mno na haibani. Ukipunguza, inabana mapema na ukilazimisha inapasuka. Jicho la asubuhi na jicho la saa kumi jioni si jicho moja. Hapo mashine ya karakana inalipa fedha zake.

Kabla hujaenda mbali, geuka ulitazame bomba lenyewe. Mabomba ya GI, yaani ya chuma kilichopakwa zinki, yanakuja kwa madaraja: jepesi lina mstari wa kahawia, la kati bluu, zito jekundu. Kwa nusu inchi, unene wa ukuta ni milimita 2.0, 2.6 na 3.2. Hesi ya nusu inchi inachimba milimita 1.16. Toa hapo: jepesi linabaki na milimita 0.84 za chuma chini ya hesi, la kati 1.44, zito 2.04. Na zinki yote iliyokuwa juu ya sehemu hiyo umeshaikwangua, kwa hiyo kutu itaanzia hapo hapo kusipopakwa rangi ya zinki.

Kwetu milimani jambo hili lina uzito kuliko nchi tambarare. Miradi mingi ya vijiji vya Njombe, Makete na Rungwe ni ya mserereko: chemchemi iko juu, kijiji kiko chini. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza baa 1 ya mgandamizo. Chanzo kikiwa mita 120 juu ya kilula (bomba la kuchotea maji kijijini), na hakuna tanki la kupunguza mgandamizo katikati, usiku watu wote wamefunga bomba, pale chini kuna baa 12 zinasukuma kwenye ile milimita moja iliyobaki. Hakuna mashine ya bei yoyote inayoweza kuliokoa bomba jepesi mahali hapo. Nimeona watu wakibadilisha mashine kwa ajili ya mvujo ambao ulinunuliwa pamoja na bomba.

Nirudi kwenye hesabu ya hesi. Wakandarasi wengi wachanga wanapiga hivi: mstari ni mita 1,200, bomba moja mita 6, kwa hiyo mabomba 200, ncha 400, nahitaji mashine kubwa. Wanasahau kwamba bomba la GI kwa kawaida linatoka kiwandani likiwa na hesi pande zote mbili na soketi moja imeshafungwa. Kwenye mstari ulionyooka hukati kitu. Unakata kwenye kona, kwenye valvu, kwenye kivuko cha mto, kwenye vilula na kwenye maunganisho ya nyumba. Ncha 400 zinaweza kushuka hadi 30 au 40, zimetawanyika kilomita nzima ya mlima. Na siku hizi sehemu kubwa ya mistari ya vijijini, ile inayosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu ilipoundwa mwaka 2019, inalazwa kwa mabomba ya plastiki ya HDPE, chuma kikibaki kwenye miamba, makorongo na mahali pa mgandamizo mkubwa. Kwa kazi ya namna hiyo mashine ya kushika mkononi, na dai ya mkono ya akiba, inamshinda jitu la kilo 200 kila siku.

Kinyume chake nakifahamu pia. Fundi aliyeko Mafinga anayehudumia viwanda vya chai vya Mufindi, au anayeandaa vipande vya mifumo ya kuzimia moto kwa majengo ya Mbeya mjini, anakata ncha 80 kwa siku akiwa amesimama mahali pamoja. Bomba linamfuata. Umeme wa laini tatu upo. Huyo akinunua ya mkononi ataimaliza kabla ya msimu wa mvua, na mabega yake yatatangulia. Kwake mashine ya karakana, S1, yenye pampu na kichwa kinachojifungua, ni akiba.

Kuna jambo la mwinuko ambalo vitabu vya mashine hulitaja kwa maandishi madogo na sisi tunaoishi huku tunapaswa kulisoma kwa maandishi makubwa. Uwezo unaoandikwa kwenye mota, kwa kiwango cha kimataifa, ni wa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Iringa iko juu ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700, na Kitulo ni kama 2,600. Hewa ikiwa nyepesi inapoza kidogo. Kwa mota ya umeme wa TANESCO baridi yetu inafidia upungufu huo, kwa hiyo usiwe na hofu kubwa. Mgonjwa ni jenereta. Injini ya petroli inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hata kabureta ikirekebishwa. Pale Makete tulikuwa kama mita 2,200: robo ya nguvu ilikuwa imeshaondoka kabla hatujachomeka kitu. Jenereta ya kVA 2.5 ilikuwa haifiki hata 1.9. Na mota ya induksheni inapoanza huvuta mkondo mara 5 au 6 ya kawaida yake kwa nukta chache. Mashine ya wati 750 iliomba, kwa hizo nukta, kama kVA 6. Tulikuwa tunamwomba mtoto abebe pipa.

Mashine yenye mota ya brashi huamka kirahisi zaidi kwenye jenereta, na hii ni sababu nyingine ya kuipendelea mlimani. Ukilazimika kupanda na ya induksheni, jenereta iwe angalau mara nne ya mota, kisha juu yake uongeze ya kufidia ule upungufu wa mwinuko.

Na waya. Mita 50 za waya wa milimita 1.5 zinapoteza kama volti 12 kwa ampea 10. Wakati wa kuanza, ampea 30, zinapotea kama 35. Mashine inapokea 195 badala ya 230, na kwa kuwa nguvu ya kuzungusha ya mota hiyo inafuata mraba wa volti, imebaki na asilimia 72 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Tumia waya wa milimita 2.5, na usiuache umezungushwa kwenye kibiringi chake, utayeyuka.

Baridi nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai, Njombe na Makete, mafuta ya kukatia yanakuwa mazito kama asali. Pampu inazunguka, lakini kinachofika kwenye dai ni matone. Lala na dumu ndani, na uache pampu izunguke dakika kadhaa kabla ya kugusa bomba la kwanza.

Kuhusu dai, tazama chapa. Vifaa vyetu vinafuata kiwango cha hesi cha BSPT, cha Kiingereza, chenye pembe ya jino ya nyuzi 55. Mashine iliyotumika ikitoka Marekani inaweza kuja na dai za NPT, nyuzi 60. Kwa inchi 1 hadi 2 utajua haraka, maana moja ina meno 11 kwa inchi na nyingine 11.5, soketi inakwama. Hatari ni nusu inchi na robo tatu: zote mbili zina meno 14. Soketi inaingia, inakaza, unafurahi, na maji yanatoka. Watu wamemaliza tepu roli nzima kwenye ungio moja kwa sababu hii. Seti mbili za BSPT, ya meno 14 na ya meno 11, zinakutosha kutoka nusu inchi hadi inchi 2. Uliza kama zinapatikana Mbeya. Kama zinatoka Dar, ni zaidi ya kilomita 800 za basi huku mtaro uko wazi.

Tamaa ya inchi 4 naielewa, ilinikamata. Fungua daftari la mwaka jana uhesabu ni mara ngapi ulikata hesi ya inchi 3. Mabomba yanayopita inchi 2 mara nyingi yanaungwa kwa flanji au kwa kuchomelea. Kama ni mara sita, peleka vipande hivyo kwa mwenye karakana umlipe.

Pedali ya mguu iwe inafanya kazi. Mashine ya kuzungusha bomba haina huruma na nguo: baridi ya huku inatufanya tuvae makoti, skafu na glovu za sufi, na hivyo ndivyo vinavyodakwa na chaki kwanza, kisha mkono. Ukitoa mguu lazima isimame. Nimekuta pedali zimefungwa kwa mpira wa baiskeli ili fundi asichoke kukanyaga. Mashine kama hiyo mimi siigusi. Na ya mkononi isiendeshwe bila mkono wake wa kuzuia, kwa sababu dai ikikwama kwenye bomba la inchi 2, kitakachozunguka ni mashine, na ikikukuta umeikumbatia itazunguka na wewe.

Siku ya kununua nenda na bomba lako, inchi 2, zito, la mstari mwekundu, na soketi mpya. Kata hesi tano mfululizo bila kupumzika, kisha weka kiganja kwenye mota. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde tano, umeshajua S yake hata kama kibati kimefutika. Kisha kata moja ya nusu inchi na uifunge soketi kwa vidole: iende mizunguko minne hadi mitano na ikatae. Ikiishia miwili au ikifika hadi mwisho, mwambie muuzaji arekebishe kichwa cha dai mbele yako. Akishindwa, funga bomba lako kwenye pikipiki urudi nyumbani na fedha zako.